Maziwa ya Mdomo

Baba alikufa siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Noonkopir, Kitengela. Hiyo ndiyo tarehe iliyoandikwa kwenye cheti na kwenye msalaba. Lakini mimi nahesabu kutoka Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku aliyokunywa maziwa, na baada ya hapo hakuwa nasi tena, ingawa alikuwa anapumua.

Naandika haya kwa sababu nyumbani Kajiado yanasemwa kwa namna nyingine, na kadiri siku zinavyokwenda najikuta hata mimi nimeanza kuyasimulia kwa namna hiyo. Nataka pawe na mahali pamoja ambapo yamekaa jinsi yalivyokuwa. Jina la Baba sitaliandika. Kwetu aliyekwenda haitwi tena kwa jina lake.

Ugonjwa ulikuwa wa koo la chakula. Alianza kwa kulalamika kwamba nyama ya siku hizi ni ngumu. Akaacha nyama. Kisha ugali ukawa mgumu, kisha ndizi, na mwezi wa sita mdogo wangu Lemein, aliyebaki nyumbani na ng'ombe, akanipigia simu kusema kwamba sasa hata chai inamrudia mzee puani. Akaletwa kwangu Kitengela kwa sababu ni karibu na hospitali. Tulidhani ni mambo ya wiki mbili. Alikaa miezi mitano.

Nairobi walimtoboa tumboni wakamwekea mpira mwembamba. Chakula chote kilipita hapo kwa sirinji: uji uliochujwa, supu, maziwa, dawa ya maumivu. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Shingoni kuna njia mbili, alisema, moja ya chakula na moja ya hewa, na ugonjwa umetoboa ukuta ulio kati yao. Chochote atakachomeza kitaingia kwenye mapafu.

"Hata kijiko kimoja, mama. Hata mate yake mwenyewe ayateme."

Chini ya mchoro aliandika neno MDOMO kwa herufi kubwa, kisha akalikata kwa mistari miwili. Ile karatasi niliibandika ukutani juu ya kitanda. Kila aliyeingia aliiona kabla ya kumwona Baba.

Basi Baba akawa mtu wa kutema mate. Kutwa nzima. Alikuwa na kopo la majani ya chai lenye kifuniko, na mimi nililimwaga na kulisuuza kila baada ya saa moja. Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe jambo hilo lilinifanya nini. Kwetu mate ya baba ni baraka. Mzazi akikubariki hukutemea kwenye paji la uso, na jambo likiwa kubwa huchukua funda la maziwa na kukunyunyizia kwa mdomo, nanyi mmeinamisha vichwa mnaitikia Naai, Naai, yaani Ee Mungu. Lemein alinyunyiziwa alipotahiriwa, akanyunyiziwa tena alipooa. Mimi sikuwahi. Nilipofunga ndoa na Mugo, miaka kumi na moja iliyopita, Baba alikuja kanisani na shuka jipya, akakaa mstari wa mbele, akala wali na nyama, na mshereheshaji alipotangaza kwamba sasa wazazi watabariki, akachukua fimbo yake akasema ng'ombe wanamngoja. Akatoka. Sidhani alimchukia Mugo. Alisema mara moja tu kwamba watu wa jembe hawajui kuhama, na mtu asiyejua kuhama siku moja atakufia mahali pabaya. Hakuliongelea tena, na mimi sikumuuliza.

Sasa alikuwa nyumbani kwangu anatema mate mara mia kwa siku, nami nayamwaga chooni.

Mimi hushona sare za shule. Cherehani nilikuwa nimeihamishia sebuleni, nikaacha mlango wa chumba chake wazi ili nimsikie. Kila alipokohoa nilisimamisha gurudumu. Nikazoea kushona kola kwa vipande, nusu leo na nusu kesho, na wenye shule wakaanza kupeleka kazi kwingine. Kumwosha sikuweza, kwa kuwa kwetu binti hamwoni baba yake hivyo. Aliyemwosha ni Mugo, kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani. Nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni.

"Wewe mtu wa viazi," Baba alimnong'oneza siku moja, maana sauti yake ilikuwa imebaki mikwaruzo tu, "unanisugua kama unatafuta macho ya kiazi."

"Mzee, ukiendelea kusumbua nitakumenya."

Baba alicheka hadi akakohoa. Kwetu mkwe hasogei karibu na mkwe, hata kiti wanaachiana, na hawa wawili walikuwa wanacheka, mmoja akiwa uchi kwenye beseni. Niliegemea sinki nikawaza kwamba baraka haiko mbali. Sitaficha hilo. Nilimtunza kwa sababu ni baba yangu, ndiyo, lakini pia nilikuwa naingoja.

Watu hudhani linalomvunja mtunza mgonjwa ni kinyesi na harufu ya kidonda. Kilichonivunja mimi ni kula. Baba akisikia harufu ya kitunguu alifungua macho na kugeuza uso kuelekea jikoni, na macho yale yalikuwa yanafuata sufuria ambayo hayawezi kuiona. Nikaanza kupikia nje kwa jiko la makaa. Tukawa tunakula tumesimama nyuma ya tangi la maji, haraka haraka, kama watu walioiba. Binti yetu Mugure, mwenye miaka tisa, alijifunza kutafuna bila sauti. Siku moja nilimkuta amejifungia chooni na andazi.

"Guka atasikia," aliniambia. Ndivyo alivyomwita babu yake, kwa lugha ya kina Mugo.

Nilimwambia amalize. Nikasimama mlangoni kumlinda.

Maziwa yalitoka kwa Lemein. Kila Jumatano na Jumamosi alipakia jerikeni kwenye gari Kajiado, nami nikaenda stejini kulichukua. Niliyachemsha, nikayapoza, nikayavuta kwa sirinji.

"Ni nini hiyo?" Baba aliuliza kila mara, kana kwamba hajui.

"Ni maziwa, Baba. Ya nyumbani."

"Ya ng'ombe gani?"

"Sijui. Lemein hakusema."

"Hayo ni maziwa ya tumbo. Mimi nataka ya mdomo."

"Daktari alikataa."

"Daktari ako na ng'ombe wangapi?"

Mwanzoni ulikuwa mzaha. Baadaye aliomba. Aliomba kama mtoto, akinishika kidole, na mimi nikamlowesha midomo kwa pamba yenye maji, naye akaiuma ile pamba akakataa kuiachia. Baadaye akakasirika. Siku nne aligeukia ukuta na kunipa mgongo, na alipogeuka aliniambia, "Mimi nilikupa maziwa kabla hujaota meno." Kisha akachukua kopo lake akatema.

Jumapili wanawake wa kanisani walikuja, wakaimba, wakajaa chumbani. Mmoja alinishika mabega. "Dada Tabitha, una bahati. Kutunza mzazi ni baraka tupu." Nilimwambia amina. Nilichotaka ni mtu mmoja aniambie, nenda ukalale, nitakaa naye hadi saa kumi. Hakuna aliyesema. Walikunywa chai nje, na nilipokusanya vikombe nilinusa mikono yangu, nikaiosha mara mbili.

Alhamisi alikuja Immaculate, muuguzi anayezunguka nyumbani kwa wagonjwa wasio na matibabu zaidi. Ni mwanamke wa maneno machache. Alimsikiliza Baba kifuani mbele na nyuma, akaongeza dawa ya maumivu, akaniita jikoni.

"Mwite ndugu yako."

"Ni siku ngapi?"

"Wiki mbili. Pengine tatu. Inaweza kuwa pungufu." Akaangalia mikono yangu. "Wewe unalala?"

"Nalala."

"Unadanganya vibaya," alisema, akafunga mkoba.

Kesho yake, Ijumaa mchana, nilijaza sirinji nikaiunganisha na mpira, na sikuisukuma. Nilisimama tu. Nje kulikuwa na lori linarudi nyuma, linalia pii, pii, pii. Nilimwambia Mungu, mchukue yeye au unichukue mimi, lakini iwe leo. Sijui nilisimama muda gani. Nilipoangalia chini, Baba alikuwa ananitazama.

"Umechoka," alisema.

"Sijachoka, Baba."

"Mimi nimechoka."

Nikasukuma maziwa taratibu hadi yakaisha.

Jumamosi asubuhi, Mugo alipomaliza kumwosha, Baba aliniita. Alikuwa ameegemea mito, amevaa shati safi, na macho yake yalikuwa makali kama zamani alipokuwa akihesabu ng'ombe langoni.

"Mwambie Lemein aje na kibuyu. Nataka kuwabariki."

Nilikuwa nimeshika kopo la mate. Nililiweka chini.

"Lemein na nani?"

"Nyinyi wote. Wewe na Lemein. Na mtu wa viazi pia, mkono wake si mbaya." Akapumzika. Maneno mengi yalimchosha. "Na maziwa. Si maji. Mtu habariki watoto wake na maji ya mfereji."

"Lakini Baba, mdomo."

"Nitatema. Tangu lini baraka inamezwa?"

Nilipaswa kumpigia Immaculate simu. Namba yake ilikuwa kwenye karatasi ileile ya ukutani, chini ya neno lililokatwa. Sikupiga. Nilijua angesema hapana, na sikutaka kuisikia hapana hiyo. Nilimpigia Lemein.

Alifika Jumatatu saa nne, na vumbi la Kajiado kwenye viatu na kibuyu kimefungwa ndani ya shuka kama mtoto. Mugo alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mugure alikuwa shule. Lemein aliingia chumbani, akainamisha kichwa, Baba akamgusa utosini, kama mtoto anavyosalimiwa na mzee kwetu. Lemein hakuwa amemwona kwa miezi miwili. Nilimwona akitazama mifupa ya mabega, kisha mpira, kisha karatasi ya ukutani, na alitoka sebuleni ameuma meno.

"Mnamlisha kwa bomba kama tingatinga," alisema.

"Sema polepole. Anasikia."

"Asikie. Dada, wewe unamtunza mzee ama unamfunga? Nyumba imejaa maziwa niliyotuma mimi, na midomo yake imepasuka kama dimbwi la mwezi wa pili!"

"Miezi miwili hujakanyaga hapa, leo ndio unakuja kuniuliza midomo?"

"Nani angebaki na ng'ombe?"

"Ng'ombe wako na miguu, Lemein. Wanatembea wenyewe hadi majini. Yeye hata kugeuka ni mpaka nimgeuze."

"Si ungenipigia ukaniambia amefika hivi?"

"Nilikupigia Jumanne. Nilikupigia ile Jumatano nyingine. Ulisema kuna chanjo."

Kulikuwa na chanjo kweli. Mugo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, alikohoa kidogo.

"Mimi niulize kitu kimoja," alisema. "Ile karatasi imesema nini?"

"Imesema asimeze," nilijibu. "Hatameza. Atatema."

"Na akimeza?"

Lemein alimcheka. "Shemeji, kwenu mnabariki kwa kumeza? Mzee gani alishameza baraka ya watoto wake? Haijatokea. Haiwezi kutokea."

Mugo aligeuka. Alinitazama mimi. "Tabitha. Mimi sihitaji kunyunyiziwa. Nimeishi na wewe miaka kumi na moja hivyo hivyo, na tuko sawa."

"Mimi nahitaji," nilisema.

Ndivyo nilivyosema. Kisha nikaenda kuleta kikombe.

Kiwanja chetu kimemwagwa saruji yote, kwa hivyo Lemein alitoka hadi kwenye ua wa jirani akang'oa nyasi mbichi kidogo za kushika. Tulimkalisha Baba na mito mitatu mgongoni. Lemein alifungua kibuyu. Alikuwa amekisafisha kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, kama Mama alivyokuwa akifanya, na chumba kile chenye harufu ya dawa na dettol kikajaa harufu ya moshi na maziwa. Baba alifumba macho. Pua zake zilipanuka.

Lemein alipiga magoti mbele ya kitanda, Mugo pembeni yake. Mimi sikuweza kupiga magoti nao kwa sababu ni lazima mtu ashike kikombe. Nilisimama kando ya mto, na nilijiambia kwamba akishajaza mdomo nitaweka kikombe chini na kuzunguka upesi.

"Baba," nilisema. "Utatema?"

Alitikisa kichwa kukubali.

Lemein alianza yeye kwa sauti ya chini, maana Baba hakuwa na sauti ya kuomba, na baada ya kila ombi yeye na Mugo waliitikia pamoja, Naai. Mungu atupe mvua. Naai. Atupe watoto na ng'ombe. Naai. Vichwa vyao vilikuwa vimeinama kabisa, nyasi mikononi. Nilimwekea Baba kikombe mdomoni. Alichukua funda moja kubwa. Mashavu yake yaliyokuwa yameingia ndani yalijaa, na kwa kitambo nilimwona baba yangu wa zamani, ule uso wenyewe.

Nilianza kuondoa kikombe. Alinitazama machoni, na koo lake likapanda, likashuka.

Hakuna aliyeona ila mimi. Wale wawili waliendelea, Naai, Naai. Kikohozi hakikuja mara moja. Uso wa Baba ulilegea wote, kuanzia paji hadi kidevuni, kama mtu aliyevuliwa mzigo mgongoni. Hakuwa anambariki mtu yeyote. Alikuwa anakunywa maziwa. Tangu Jumamosi alikuwa amepanga kunywa maziwa, na alijua ni mlango gani ulio wazi kwangu.

Kisha mkono wake ulipanda ukashika mkono wangu wenye kikombe na kuuvuta kwake.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kwa uangalifu. Mkono ule haukuwa na nguvu. Ulikuwa mwepesi kama kitambaa cha bitana. Mimi huinua marobota ya nguo, ningeweza kuuondoa kwa kidole kimoja. Nilikuwa najua tundu la shingoni, nilichorewa. Sikuuondoa. Niliinamisha kikombe, akanywa funda la pili. Sijui kama niliinamisha kwa sababu nilimpenda, au kwa sababu nilichoka, au kwa sababu nilikuwa na hasira kwamba amenidanganya nikasema moyoni, basi kunywa. Nimejiuliza mara nyingi na kila siku najibu tofauti.

Ndipo kikohozi kikaja. Kilitoka chini kabisa, kikamrusha mbele, na maziwa yakatoka mdomoni na puani kwa kishindo, yakawanyunyizia Lemein na Mugo vichwani, mabegani, kwenye zile nyasi.

"Naai!" Lemein alipaza sauti, macho yamefumbwa. "Naai! Naai!"

Mimi nilikuwa kando ya mto. Halikunigusa hata tone.

Mugo ndiye aliyefungua macho kwanza. Aliruka akamshika Baba na kumlaza kwa ubavu, nikampigapiga mgongoni, nikamfuta, midomo yake ikawa ya bluu, kisha ikarudi. Lemein alisimama katikati ya chumba, maziwa yanamtiririka shingoni, hajui aweke wapi mikono. Kufikia saa nane Baba alikuwa na homa. Kufikia saa kumi pumzi yake ilikuwa inachemka kama uji. Mugure alirudi kutoka shule akamwinamishia guka wake kichwa kama kawaida, akangoja, mkono haukuja. Nikauchukua mimi nikamwekea.

Immaculate alikuja. Alimsikiliza upande wa kulia kwa muda mrefu, akampa dawa za kumtuliza, akamkalisha vizuri. Kisha alinifuata jikoni.

"Amemeza nini?"

"Maziwa."

"Kiasi gani?"

"Mafunda mawili."

Alinitazama. Nilikuwa nangoja aulize jinsi mtu anavyomeza mafunda mawili kwa bahati mbaya. Hakuuliza.

"Tukimpeleka hospitali watamwekea mashine, na atafia huko," alisema. "Mkitaka akae hapa, nitakuja asubuhi na jioni."

"Ni mimi?"

"Angekwenda, Tabitha. Mwezi huu angekwenda."

"Kwa hivyo si mimi."

"Sikusema hivyo. Nimesema angekwenda." Alifungua bomba akanawa mikono, akaifuta taratibu, kila kidole. "Aliyapenda?"

Sikutegemea swali hilo. Nilimwambia ndiyo. Aliyapenda.

Alitikisa kichwa na kurudi chumbani.

Jumanne Baba hakusema neno. Lemein alikaa naye mchana kutwa, akimhesabia ng'ombe kwa rangi zao, mmoja mmoja. Nilipata saa tatu za usingizi, za kwanza kwa muda mrefu, na nilipoamka niliona aibu jinsi nilivyolala vizuri. Jumatano asubuhi Mugo alimwosha, hakuna aliyefanya mzaha. Saa tano nilikuwa nimeshika kopo la mate, tupu, kavu, kwa sababu tangu Jumatatu hakuwa akitema tena. Pumzi ilikwenda, nikangoja irudi, nikangoja, haikurudi. Niliitoa ile karatasi ukutani kabla hata sijamwita mtu.

Tulimzika Jumamosi nyumbani, nje kidogo ya Kajiado, kusini mwa boma. Watu walikuwa wengi. Lemein alisimama akasema mzee aliondoka kama mzee: aliita watoto wake, akachukua maziwa mdomoni, akawanyunyizia wote watatu, hata mkwe wake wa jembe, na siku mbili baadaye akalala. Watu walisema Naai. Alikuwa anasema kweli yake. Yeye aliyasikia kichwani. Bibi mmoja mzee, rafiki ya Mama, alinishika uso kwa mikono miwili, akalia kwa furaha kwamba hatimaye yule mkaidi amenibariki. Nilimshukuru kwa lugha yetu: ashe, mama. Ashe oleng.

Tulipokuwa tunarudi Kitengela, Mugo aliniuliza mara moja tu.

"Yale maziwa yakirushwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika kikombe."

Aliendelea kutazama barabara. Tulipofika karibu na Isinya aliweka mkono wake juu ya goti langu, na hakuuondoa hadi nyumbani. Sijui anajua kiasi gani. Lemein hajui chochote, na sitamwambia. Angepoteza baba mara ya pili, na baraka pia.

Siku hizi tunakula mezani. Chumba cha nyuma nimeweka cherehani, na shule mbili zimerudi. Lemein hakuacha kutuma maziwa. Jerikeni la lita tatu huja Jumamosi kwenye gari la saa nne, nami huenda stejini kulichukua. Mugo na Mugure huyanywa.